Mkono unaokufa ganzi usiku: namna ekografi inasaidia kujua kama matibabu yanafaa

Saa nane za usiku mtu anaamka. Kidole gumba na vidole vinavyokifuata vimekufa ganzi, vinachoma sawa vile vimeguswa na moto. Anakunguta mkono, anauninginiza kando ya kitanda, maumivu yanapunguka, analala tena. Miezi inapita. Siku moja sahani inamponyoka, kufunga kifungo cha shati kunakuwa vita, na sindano ya kushonea haishikiki tena.

Katika majimbo ya mashariki mwa Kongo wako watu wengi wanaoishi na shida hii bila kujua jina lake. Mmoja anasema ni baridi imeingia mkononi. Mwengine anaogopa kwamba ni mwanzo wa kupooza. Wako pia wanaofikiria karuho ao uchawi. Kwenye karatasi ya hospitali jina linaandikwa kwa Kifaransa: syndrome du canal carpien, ni kusema ugonjwa wa kubanwa kwa neva kwenye kifundo cha mkono. Ni ugonjwa unaotibika. Lakini ukiachwa kwa miaka, unaweza kumaliza nguvu ya kidole gumba, na nguvu hiyo hairudi kila mara.

Mashini ya ekografi, ile ambayo wamama wengi wanaijua kwa sababu ya mimba, inaweza pia kuangalia neva hiyo na kumsaidia muganga kufuata kama matibabu yanaleta matokeo. Lakini faida yake inategemea jambo moja ambalo mara nyingi linasahauliwa: kupima mkono kabla ya kuanza matibabu, na kuandika namba.

Njia nyembamba yenye abiria kumi

Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba. Chini na pembeni kuna mifupa midogo minane iliyojipanga sawa vile bakuli. Juu kuna utepe mgumu unaoifunika kama paa. Ndani ya njia hiyo wanapita abiria kumi: kano tisa zinazokunja vidole, na neva moja, inayoitwa neva mediani.

Mifupa haipanuki, na utepe ule haulegei kirahisi. Kwa hiyo kano zikivimba kidogo, ao maji yakiongezeka mwilini, nafasi inapunguka. Wa kwanza kuumia ni neva, juu ndiyo laini kuliko wengine wote.

Neva mediani inapeleka hisi kwenye kidole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho si chake. Ndiyo maana mgonjwa akiulizwa vizuri, mara nyingi anagundua kwamba kidole kile kidogo hakifi ganzi. Neva hiyo pia inaamuru nyama iliyo kwenye shina la kidole gumba, ile inayovimba kidogo mtu anapokunja ngumi. Bila nyama hiyo, kushika jembe, kalamu ao kifunguo kunakuwa kazi ngumu.

Nani anashikwa zaidi

Wanawake wanashikwa kuliko wanaume, na zaidi watu wenye umri kati ya miaka 40 na 60. Mimba inaweza kuleta ugonjwa huu kwa sababu ya maji kuongezeka mwilini. Kwa wamama wengi unapunguka baada ya kuzaa. Ugonjwa wa sukari, tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, unene wa kupita kiasi, uvimbe wa viungo wa muda mrefu, na kifundo kilichovunjika zamani, vyote vinaongeza hatari.

Kisha kuna kazi. Kazi zinazoumiza zaidi ni zile za kushika kitu kwa nguvu mara nyingi, kukunja kifundo muda mrefu, ao kutumia chombo kinachotetemesha mkono. Huku mashariki kazi za namna hiyo si ngeni: kutwanga sombe, kukamua nguo, kulima, kuvunja mawe, kuchimba kwa nyundo ao kwa mashini ya kutoboa, kusukuma chukudu, kuendesha moto kwenye barabara yenye mashimo.

Lakini kazi si sababu pekee kila mara. Mtu akifika hospitali na mikono miwili yenye ganzi, ni vizuri kumpima sukari. Wengine wanagundua ugonjwa wa sukari kupitia mikono yao.

Kabla ya mashini, mkono wenyewe

Muganga anaweza kujua mengi bila umeme wala picha. Anauliza ni vidole gani, ni saa gani, na kama kukunguta mkono kunasaidia. Kuamka usiku na kukunguta mkono ni dalili inayojulikana sana.

Anaweza kumwomba mgonjwa akutanishe migongo ya mikono yake miwili, vidole vikiangalia chini, na kukaa hivyo sekunde 60. Ganzi ikitokea, ni alama. Jaribio hilo lina jina la George Phalen, mpasuaji wa Marekani aliyeufanya ugonjwa huu ujulikane sana katika miaka ya 1950. Jaribio lingine ni kugongagonga polepole juu ya neva kwenye kifundo. Mgonjwa akisikia kama umeme unapita kwenye vidole, ni alama pia. Hilo lina jina la Jules Tinel, muganga Mfaransa aliyelieleza mwaka 1915, wakati wa vita, alipokuwa akitibu askari walioumia neva.

Muganga anaangalia pia shina la kidole gumba. Kama nyama imekonda, na fasi ile imekuwa bapa kuliko kwenye mkono mwingine, ugonjwa umekwenda mbali.

Si kila ganzi ya mkono ni ugonjwa huu. Ganzi ya kidole cha mwisho inatokana na neva nyingine, inayopita kwenye kiwiko. Ganzi inayoshuka kutoka shingoni inaweza kuwa shida ya mifupa ya shingo. Ganzi yenye kuandamana na doa la ngozi lisilosikia kitu inapashwa kufikiriwa kama ukoma, ugonjwa ambao bado uko Kongo na ambao dawa zake zinatolewa bure. Na mkono unaolegea ghafla, pamoja na mdomo kupinda ao ulimi kuwa mzito, huo ni dharura: mgonjwa apelekwe hospitali saa ileile.

Ekografi inaona nini mkononi

Ekografi inatumia sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kusikia. Sauti inaingia mwilini, inagonga nyama, inarudi, na mashini inachora picha. Haina miale kama radiografi, kwa hiyo hata mama mwenye mimba anaweza kupimwa bila wasiwasi, na mtu anaweza kupimwa mara nyingi.

Mgonjwa anakaa, mkono juu ya meza, kiganja kikiangalia juu, vidole vimelegea. Muganga anapaka jeli na kuweka sonda kwa upana juu ya mkunjo wa kifundo. Kwenye kioo, neva inaonekana kama kipande cha sega la nyuki: matundu meusi madogo ndani ya ukingo mweupe. Kano ziko karibu yake. Ili kuzitofautisha, muganga anamwambia mgonjwa acheze na vidole: kano zinakimbia huku na huku, neva inasogea kidogo tu.

Kinachopimwa zaidi ni unene wa neva ikiangaliwa kwa kukatiza, ni kusema eneo lake kwa milimita mraba. Kwa watu wengi wazima wenye afya, neva mediani kwenye mlango wa njia ile ina karibu milimita mraba 7 hadi 10. Ikipita 10 ao 12, kulingana na mpaka ambao kila hospitali inatumia, waganga wanaanza kushuku kwamba inabanwa. Wengine wanailinganisha na neva ileile juu kidogo, kwenye mkono wa mbele. Ikiwa kwenye kifundo ni kubwa mara 1.4 ao zaidi kuliko kule juu, hiyo ni alama nyingine.

Kwa nini neva inayobanwa inanenepa, badala ya kuwa nyembamba? Mfano wa barabara unasaidia kuelewa. Barieri ikiwekwa kwenye njia, foleni ya magari inajaa mbele ya barieri. Kwa neva ni vivyo hivyo. Pale utepe unapobana, neva inalala bapa. Lakini kabla ya kuingia pale inavimba, kwa sababu damu na maji yaliyo ndani yake hayapiti vizuri. Ekografi inapima foleni ile.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1991, waganga wa Innsbruck, Austria, wakiongozwa na Buchberger, walichapisha maelezo ya namna neva hii inavyoonekana kwenye ekografi ikiwa imebanwa. Mwaka 2012, chama cha Marekani cha waganga wa neva na misuli kilitoa mwongozo unaosema kwamba kupima neva kwenye kifundo kwa ekografi ni njia sahihi ya kutambua ugonjwa huu.

Ekografi inaonyesha pia mambo ambayo mkono hausemi: uvimbe wenye maji, kano zilizofura, ao neva iliyogawanyika mara mbili tangu kuzaliwa. Hayo yanaweza kubadilisha matibabu. Kwenye ugonjwa wa ukoma, neva inaweza kuonekana nene juu zaidi ya kifundo, si kwenye mlango wa njia tu.

Kuna kipimo kingine, kinachoitwa kwa Kifaransa électromyogramme, kinachopitisha umeme mdogo ili kujua kama neva inapeleka habari kwa haraka. Chenyewe kinaonyesha kazi ya neva, na ekografi inaonyesha umbo lake. Lakini mashini ya umeme wa neva haipatikani kirahisi mbali na miji mikubwa, wakati ekografi imefika mpaka kwenye vituo vingi vya afya.

Matibabu matatu, na kila moja kwa wakati wake

Njia ya kwanza ni atele, ni kusema kifaa cha kushikilia kifundo kikiwa kimenyooka. Inavaliwa usiku, angalau wiki 6. Vidole vinabaki huru, na atele haipashwi kukaza. Kine wa hospitali anaweza kuitengeneza kwa plasta kama ya dukani haipatikani. Kwa ugonjwa ulio mwepesi, ao kwa mama mwenye mimba, mara nyingi ndiyo mwanzo mzuri.

Njia ya pili ni sindano ya kortikoidi kwenye kifundo. Inapunguza uvimbe na kuleta nafuu haraka. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2018, kwa wagonjwa 234, ulilinganisha sindano moja na atele ya usiku. Baada ya wiki 6, waliopigwa sindano walikuwa na nafuu zaidi. Baada ya miezi 6, tofauti ilikuwa imekwisha. Utafiti mwingine, wa Sweden, uliochapishwa mwaka 2013, ulifuata wagonjwa 111 ambao atele haikuwasaidia. Kati ya waliopewa sindano yenye dawa nyingi zaidi, miligramu 80, asilimia 73 walifanyiwa upasuaji ndani ya mwaka mmoja. Kati ya waliopewa sindano isiyo na dawa, ilikuwa asilimia 92. Kwa hiyo sindano inasaidia, lakini kwa wengi inanunua muda tu.

Njia ya tatu ni upasuaji. Mpasuaji anakata ule utepe ulio juu ya njia, na neva inapata nafasi. Kwa kawaida mkono tu ndio unaotiwa ganzi, mgonjwa anabaki macho, na anarudi nyumbani siku ileile.

Kuna pia yale yasiyosaidia, ambayo yanamaliza feza za watu. Kuchanjwa kwa wembe kwenye kifundo hakufungui njia. Kunaweza kuleta uchafu ndani ya kidonda na kukata neva. Kukandwa kwa nguvu kunaweza kuongeza uvimbe. Vitamini B peke yake haipanui njia iliyobana. Na vidonge vya dexa vinavyonunuliwa famasi bila karatasi ya muganga, vikimezwa miezi na miezi, vinaweza kupandisha sukari na presha, na kudhoofisha mifupa. Sindano ya kortikoidi yenyewe isipigwe na mtu asiyejifunza: ikiingia ndani ya neva, inaweza kuiharibu. Hapo ekografi inaweza kusaidia tena, juu inaonyesha sindano inapita wapi.

Namba ya kwanza ndiyo yenye bei

Watu wengi wanaenda ekografi baada ya kuteseka, wanapewa namba, kwa mfano milimita mraba 13, na wanaulizana kama ni vizuri ao vibaya. Kama hakuna namba ya zamani, swali hilo halina jibu kamili. Neva ya 13 inaweza kuwa imetoka kwenye 17 na inapona. Inaweza pia kuwa imetoka kwenye 11 na inazidi kuumia.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza kinapashwa kufanywa kabla ya atele, sindano ao upasuaji, na namba iandikwe kwenye fishi ya mgonjwa pamoja na mkono gani, fasi gani, na tarehe gani. Kupima mikono yote miwili ni vizuri, hata kama ni mmoja tu unaouma.

Kisha kinakuja kipimo cha pili. Baada ya sindano, neva inaweza kuanza kupunguka ndani ya wiki za kwanza, kwa hiyo kupima tena kati ya wiki 4 na miezi 3 kunaweza kuleta habari. Kwa atele, ni vizuri kungoja mpaka wiki 6 ziishe. Baada ya upasuaji, kupunguka kunachukua miezi. Barieri imeondolewa, lakini foleni ndefu haiishi kwa saa moja.

Ili namba mbili zilinganishwe kwa haki, mambo yanapashwa kuwa sawasawa: fasi ileile ya kifundo, mkono umelazwa vilevile, mashini ileile, na kama inawezekana mtu yuleyule. Waganga wawili wakipima mkono mmoja siku moja, wanaweza kutofautiana kwa milimita mraba moja. Kwa hiyo kutoka 14 hadi 13 si habari ya kusherehekea, na kutoka 13 hadi 14 si habari ya kulia. Kutoka 16 hadi 12, hiyo inasema kitu.

Kupima kila mwezi hakuna maana. Vipimo viwili vilivyofanywa vizuri vinashinda vitano vilivyofanywa ovyo, na vinaacha makuta kwa ajili ya matibabu yenyewe.

Picha na mgonjwa wakikosa kupatana

Ekografi haimwambii muganga kama mtu amelala vizuri. Mara nyingi picha na maisha ya mgonjwa vinaenda pamoja, lakini si kila mara.

Kuna mtu ambaye usiku analala, vidole vimerudi, anafanya kazi, lakini neva bado inaonekana nene. Hilo linaonekana sana baada ya upasuaji: neva inapunguka, lakini kwa wengi hairudi kamwe kuwa kama ya mtu ambaye hakuugua. Mtu wa namna hiyo hatibiwi kwa sababu ya picha. Anaachwa aendelee na maisha yake.

Kuna mwingine ambaye neva imepunguka vizuri, lakini ganzi iko palepale. Hapo muganga anarudi nyuma na kuuliza: shida inaweza kuwa shingoni? Ni sukari? Ni ukoma? Ni neva mbili zilizoumia pamoja?

Kuna pia yule ambaye nafuu ya sindano ilikuja, kisha maumivu yakarudi, na neva imenenepa tena. Hapo picha na mgonjwa vinasema neno moja: ni wakati wa kuongea juu ya upasuaji.

Lakini wa kuogopewa zaidi ni yule anayesema: «Dokta, maumivu imeisha», wakati kidole gumba kinakonda na vitu vinamponyoka. Kwenye ugonjwa mkali, maumivu yanaweza kupunguka kwa sababu neva imechoka kupeleka habari. Hiyo si kupona, ni neva kunyamaza. Mtu huyo hapashwi kurudishwa nyumbani na vidonge, na hapashwi kungojea ekografi ya mwezi ujao.

Kwa hiyo pamoja na namba ya mashini, kuna kipimo ambacho hakiombi umeme: maswali. Tangu mwaka 1993 waganga wanatumia orodha iliyotungwa Boston, Marekani, yenye maswali 11 juu ya dalili na 8 juu ya kazi za mkono. Usiku uliamka mara ngapi? Unaweza kufunga vifungo? Kushika kitabu? Kufungua chupa? Kila jibu linapewa alama 1 hadi 5. Karatasi na kalamu vinatosha, na alama za leo zinalinganishwa na za miezi mitatu iliyopita. Hata mgonjwa asiyefika hospitali kila mara anaweza kuandika kwenye daftari ameamka mara ngapi usiku kwa wiki.

Maumivu yakibaki baada ya upasuaji

Kwa wengi, ile ganzi ya usiku inaondoka mapema baada ya upasuaji, wakati nguvu ya mkono inachukua miezi. Maumivu kidogo kwenye shina la kiganja ni ya kawaida kwa muda. Lakini dalili zikibaki zilezile, ao zikirudi, ekografi inaweza kuonyesha kama utepe haukukatwa wote, kama kovu linabana neva, ao kama kano zimefura. Hapo tena, mwenye namba ya kabla ya upasuaji ana bahati kuliko asiyekuwa nayo.

Si kila ekografi inaweza kazi hii

Kituo kinaweza kuwa na mashini nzuri ya mimba na bado kisiweze kupima neva ya mkono. Sonda ya tumbo, ile iliyopinda, inapeleka sauti mbali ndani ya mwili, lakini vitu vidogo vilivyo karibu na ngozi inavichora vibaya. Kwa mkono inahitajika sonda iliyonyooka, yenye sauti ya juu, kama megahezi 10 ao zaidi, ile ambayo inatumiwa pia kwa tezi ya shingo ao maziwa. Mashini nyingi zinaweza kutumia sonda zote mbili, lakini sonda ya pili haikununuliwa kila mahali.

Pia anayeshika sonda anapashwa kuwa amejifunza kupima neva. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mgonjwa ao muganga anayemtuma anaweza kuuliza maswali matatu: Sonda iliyonyooka iko? Anayepima amezoea mkono? Na jibu litaandikwa kwa namba, ao kwa maneno tu? Karatasi inayosema tu «neva imevimba» haitasaidia sana miezi mitatu mbele.

Pasipokuwa na sonda hiyo, matibabu yasicheleweshwe. Dalili zinazojulikana, majaribio ya mkono na atele ya usiku vinaweza kuanza kwenye kituo chochote cha afya.

Mambo ya kukumbuka

- Ganzi ya usiku kwenye kidole gumba na vidole viwili ao vitatu vinavyokifuata, inayopunguka kwa kukunguta mkono, ionyeshwe kwa muganga mapema.
- Sukari ipimwe, na ngozi iangaliwe kama haina madoa yasiyosikia.
- Kipimo cha ekografi cha kwanza kifanywe kabla ya matibabu, na namba iandikwe kwenye fishi.
- Tofauti ya milimita mraba moja si kupona wala kuzidiwa.
- Usingizi, nguvu ya mkono na kazi za kila siku vinahesabika kuliko picha.
- Kidole gumba kinachokonda ao kupoteza nguvu hakingoji: mgonjwa aonane na mpasuaji haraka, hata kama hana maumivu tena.

Maelezo haya ni ya kufahamisha watu wote. Hayachukui nafasi ya muganga anayemwona mgonjwa mwenyewe.